Mtu Aliyengoja Ndani ya Ndege

Mke wa fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo cha polisi cha Puerto Almejas, mtandio kichwani, na hakuonyesha dalili ya kumpisha mtu. Mpelelezi Remedios Urquídez alisimama mbele yake. Goti lake bovu lilimuuma, na upepo wa Januari uliokuwa ukishuka kutoka milimani ulimwingia mpaka kwenye mifupa. Hakupenda asubuhi za namna hiyo, na ngazi hakuzipenda kabisa.

"Wewe ndiye mkubwa uliyetumwa kutoka makao makuu ya jimbo?"

"Mkubwa wa nini, mama? Ni mimi, ndiyo. Remedios."

"Mimi Eduwiges, mke wa Cruz Higuera. Jaji anamtaka mchana huu huu. Akishapelekwa gereza la jimbo, basi tena. Mjomba wangu alipelekwa kule kwa kosa la mbuzi, akarudishwa ndani ya sanduku."

"Amekula?"

"Nimemletea burrito, chapati za kukunja zenye nyama kavu. Huyo polisi wenu Nabor kala mbili."

"Moja!" sauti ilipaa kutoka ndani. "Ile ya pili nilikuwa naikagua tu."

Eduwiges hakucheka. Alijisogeza upande kidogo, Remedios akapita akishikilia ukuta.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Juzi asubuhi don Anselmo Verdugo, mzee wa mji huu aliyehamia ng'ambo ya mpaka zamani, aliruka na ndege yake ndogo ya viti vinne kuja nyumbani. Ndege binafsi inayotoka ng'ambo haina ruhusa ya kutua popote ipendapo. Sharti iguse kwanza uwanja wenye forodha na uhamiaji, na kwa pwani hii uwanja huo ni wa Puerto Almejas. Alitua vizuri, akaegesha kwenye mstari wa njano, akazima injini. Baadaye sana askari walipomwendea walimkuta amekufa kitini, mlango umefungwa. Daktari alisema ni moshi. Bomba la moshi la injini lilikuwa na ufa, na sumu ilipenya mpaka kwenye chumba cha rubani. Aliyegusa bomba hilo mara ya mwisho ni fundi Cruz. Kamanda wa uwanja, don Fidencio Murillo, aliapa kwamba safari iliyopita ya marehemu aliwaona wakigombana kwa sauti kubwa, kisha akamwona Cruz peke yake amejiinamia kwenye injini kwa hasira. Jua halijazama, Cruz akawa mahabusu.

Kesi ilikuwa imeshonwa na kupigwa pasi kabla Remedios hajafika. Yeye hakuwa na mazoea ya kuvaa nguo iliyoshonwa na wengine.

Nabor Cota, polisi mwenye tumbo la heshima na makombo kwenye masharubu, alimfungulia mlango wa mahabusu huku akimnong'oneza. "Mimi nasema ni wauza unga. Ndege ile kiti cha nyuma hakipo, kimeng'olewa. Mtu mwema anang'oa kiti cha nini?"

"Kiti nimekitoa mimi," Cruz alisema kutoka gizani. Alikuwa mtu mpana, mikono imemea weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. "Alitaka kumletea dada yake jokofu. Mwulizeni dada mtu, jokofu liko jikoni kwake, mlango wake haufungi vizuri."

Nabor alikohoa. Nadharia ya wauza unga ilifia hapo hapo.

"Ulimchukia don Anselmo?" Remedios aliuliza.

"Ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu. Nimchukieje?"

"Kamanda anasema mligombana."

"Tuligombana, kweli. Ekzosi ilikuwa imepasuka. Nikamwambia aiache ndege hapa, arudi ng'ambo kwa basi. Akasema basi ni la watu wenye mgongo mzima. Mbishi kama nyumbu, Mungu amrehemu."

"Ukamwachia aruke."

Cruz aliinamisha kichwa. "Niliufunga ufa kwa bati na kamba ya chuma, nikamwapisha asiguse hita. Hita ya ndege zile inachota joto kwenye ekzosi. Ukiifungua unavuta moshi usio na harufu. Akaapa. Akanunua blanketi nikiona kwa macho yangu. Sasa huko juu milimani kuna barafu, mama, na yeye ni mzee. Baridi ikamzidi. Mkono ukaenda."

"Kwa nini hukumwekea bomba jipya?"

Fundi alicheka, lakini hakukuwa na furaha ndani yake. "Bomba jipya limefika kitambo. Rafiki yake mmoja alilileta kwa ndege kutoka ng'ambo, akalikabidhi uwanjani kwa kamanda. Kamanda akasema halitoki mpaka ilipwe ada ya uangalizi."

"Ada ya uangalizi ndiyo ipi?"

"Ndiyo hiyo sasa. Ukutani pale zimebandikwa ada zote: ya kutua, ya kibali cha mwaka, ya uhamiaji. Hiyo haipo. Ni kitu kidogo chenye jina kubwa. Marubani wote wa ng'ambo wanaitoa kwa sababu wana haraka ya kwenda kuvua samaki. Anselmo peke yake alisema atalipa kilichoandikwa ukutani na zaidi ya hapo hatoi hata peso moja. Wenzake wakaona kumbe inawezekana, wakamfanya msemaji wao. Safari hii alikuja kuonana na mkaguzi kutoka mji mkuu."

"Don Fidencio alijua?"

"Puerto Almejas hii? Ukipika maharage huku, kule wanajua umezidisha chumvi."

Remedios alitoka bila kumwahidi lolote. Ahadi kwa mahabusu ni kama mkate uliooneshwa kwa mwenye njaa, na yeye aliwahi kuona uso wa mtu aliyefanyiwa hivyo. Kwenye ngazi Eduwiges alimtazama, naye akashuka akishikilia ukuta.

Uwanja wa ndege ulikuwa njia moja ya lami katikati ya mchanga na madungusi, na ofisi ya chokaa iliyopakwa buluu. Ndege ya marehemu bado ilikuwa kwenye mstari wa njano, imezungushiwa utepe. Kamanda Fidencio aliwapokea Remedios na Nabor mlangoni kwa mikono miwili. Alinukia manukato ya kinyozi, na masharubu yake yalikuwa yamekatwa sawasawa kuliko bustani ya kanisa.

"Karibu, karibu sana, doña Remedios. Kahawa? Nabor, wewe najua hukatai."

"Sikatai kahawa wala zawadi," alisema Nabor, kisha akamwona Remedios na kuongeza haraka, "ila zawadi nazikataa."

Remedios alisimama mbele ya ubao wa ada na kuusoma wote, mstari kwa mstari, kama anayesoma tangazo la msiba. Kibali cha kuingiza ndege binafsi, kinachodumu mwaka mzima. Ada ya kutua, kwa uzito wa ndege. Ada ya uhamiaji, kwa kila kichwa. Bima ya ajali, sharti iwe ya kampuni ya humu nchini. Hakukuwa na uangalizi wowote.

"Unaona kila kitu kiko wazi," kamanda alisema nyuma yake. "Sisi hapa hatuna siri."

"Naona. Ulimfahamu marehemu?"

"Miaka ishirini! Anselmo alikuwa kama ndugu. Nimelia, sikufichi." Alitoa leso, akaikunja bila kuitumia. "Mtu wa vituko yule. Panga la ndege halijaacha kuzunguka, yeye tayari yuko juu ya bawa anapiga kelele: 'Fidencio, kahawa iko wapi, mwizi wewe!' Nimemkemea mpaka nimechoka. Nikamwambia siku moja panga litakukata kichwa, nani ataokota? Hakusikia. Miaka ishirini hajawahi kukaa ndani ya ndege ikishasimama. Alikuwa akisema amekaa vya kutosha angani."

"Na juzi?"

"Juzi alitua, akaegesha. Mimi nilikuwa hapa na makaratasi yangu. Baadaye askari wakaja mbio kuniambia amekufa. Ndiyo yote. Mungu ndiye ajuaye."

Remedios alizunguka meza. Nyuma ya kiti cha kamanda kulikuwa na dirisha pana, safi. Kutoka hapo ndege ilionekana yote, mpaka namba za mkiani.

"Lile bomba la moshi liko wapi?" aliuliza, bado akitazama nje.

"Bomba gani?"

"Lililoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili yake."

Mkono wa kamanda ulipanda kwenye masharubu. Kisha akafungua kabati la chuma, akatoa sanduku refu la karatasi ngumu. Lilikuwa halijafunguliwa. Jina la Cruz Higuera, fundi, lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene.

"Taratibu, doña. Vipuri vina taratibu zake. Sheria ni sheria."

"Ni kweli," Remedios alisema. "Nabor, lipeleke garini. Libebe kwa adabu."

Nabor alilibeba kama mtoto mchanga.

Luteni Sarabia wa wanamaji, ambaye askari wake ndio hukagua kila ndege inayotoka ng'ambo, alikuwa kwenye kibanda chao upande wa pili wa uwanja. Alikuwa mtu wa Veracruz, pwani nyingine kabisa ya nchi, mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu juzi. Yeye na kikosi chake walikuwa wamepokea zamu pale wiki ile ile.

"Nimeshaandika maelezo," alisema mara tu alipoiona beji.

"Sijaja kuyasoma. Niambie kwa mdomo. Ndege inatua kutoka ng'ambo. Nini kinafuata?"

"Rubani anashuka, anatuletea kibali na bima, tunapitisha mbwa wa kunusa, basi, anakwenda uhamiaji."

"Huyu hakushuka."

"Hakushuka. Tukamwona kakaa ndani, mlango umefungwa. Nikainuka kwenda, maana si kawaida."

"Ukaenda?"

Luteni aliangalia viatu vyake. "Sikwenda. Kamanda alitupigia simu ya kibandani. Akasema, 'Luteni, wewe mgeni hapa, usijisumbue. Watu wa ng'ambo ndivyo walivyofunzwa kwao. Kule ukitua unakaa ndani mlango umefungwa mpaka ofisa wa forodha aje. Ukitia mguu chini kabla hajafika, faini yake unanunua ng'ombe na ndama wake. Wengine wanalisahau hilo wakivuka, wengine hawalisahau. Mwacheni akae, malizeni kahawa yenu, nitawaambia.' Na ni kweli, mama, sheria ya kule ni hiyo. Niliulizia baadaye."

"Sikatai. Ni kweli kabisa. Akawaambia lini?"

"Hakutuambia. Sisi wenyewe tuliona muda umepita mno, tukaenda."

"Ulipokuwa bado umesimama hapa, uliona nini? Fikiri kwanza."

Luteni Sarabia alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa unamtafuna. "Vioo," alisema mwishowe. "Vioo vya ndege vilikuwa na ukungu. Niliona kwa darubini. Nikamwambia sajini, mzee huyu ataugua, avute hewa kidogo. Tulipofika, ukungu ulikuwa umekauka."

"Ukungu ulikuwa ndani au nje?"

"Ndani. Kuna mahali ulikuwa umefutwa, upande wa ofisi ya kamanda, kama kwa kiganja." Aliposikia maneno yake mwenyewe, alikaa chini juu ya kreti la maji. "Mungu wangu. Alikuwa anapumua."

Remedios alimwekea mkono begani. Nje ya kibanda alimpigia daktari wa chumba cha maiti simu, akamwuliza swali moja tu: mtu wa namna ile, injini ikishazimwa na moshi umekatika, kama angefunguliwa mlango mara moja na kutolewa nje, ingekuwaje?

"Angeumwa kichwa wiki nzima," alijibu daktari. "Angetapika. Angemtukana kila mtu. Mwili ulikuwa legelege, asingeweza hata kugeuza komeo, lakini moyo wake ulikuwa bado unapiga alipotua, na uliendelea kupiga kwa muda. Nimeliandika hilo ukurasa wa pili. Hakuna aliyefika ukurasa wa pili."

Remedios alirudi ofisini akichechemea. Kamanda alikuwa amewasha sigara. Nabor alisimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, na tumbo lake likaziba njia vizuri.

"Tumemaliza?" kamanda aliuliza. "Maana jaji atakuwa ananisubiri mimi kama shahidi."

"Karibu tu. Nimechanganyikiwa kidogo, unisaidie." Remedios alivuta kiti, akakaa, akanyoosha goti lake. "Umeniambia Anselmo hajawahi kukaa ndani ya ndege ikishasimama. Miaka ishirini."

"Ndiyo."

"Na luteni umemwambia kwamba kukaa ndani ndivyo walivyofunzwa, amwache."

Moshi wa sigara ulipanda moja kwa moja mpaka darini. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema, na kamanda sasa alionekana kama anayejipapasa shingo kuona kama kichwa bado kipo.

"Nilisema kwa ujumla. Watu wa ng'ambo."

"Anselmo alizaliwa mtaa wa nyuma ya kanisa. Angekuwa mgeni kwa luteni, ndiyo. Kwako wewe hakuwa mgeni. Wewe ndiye mtu pekee hapa uwanjani uliyejua kwamba Anselmo akikaa ndani ana jambo."

"Nilidhani amenuna. Tulikuwa na tofauti zetu kuhusu... kuhusu taratibu. Nikasema acha anune."

"Na mkaguzi alikuwa anafika siku ile."

"Hiyo haihusiani!"

"Cruz ulimwona kwenye injini kwa hasira?"

"Nilimwona!"

"Alikuwa anaziba ufa, kwa sababu bomba zima lilikuwa kwenye kabati lako. Ulijua ndege ina nini. Ulijua ukiona mzee amekaa ndani kimya, ni nini hicho. Unaujua moshi, umekaa na ndege maisha yako yote. Sasa nakuuliza, don Fidencio, na Nabor anasikia. Vioo vilikuwa na ukungu, kwa ndani. Mahali pamoja ulikuwa umefutwa, upande wa dirisha hili. Ulikuwa umesimama hapa?"

Kamanda alizima sigara. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa akiizima pembeni ya kibweta cha majivu.

"Nilikuwa nimesimama."

"Alikuona?"

Nje upepo ulikuwa ukiutikisa utepe wa polisi, na sauti yake ilisikika mpaka ndani. Nabor alikuwa ameacha kutafuna.

"Don Fidencio. Alikuona?"

"Aliinua mkono," kamanda alisema.

"Wewe ukafanya nini?"

Uso wa Fidencio Murillo ulilegea wote kwa pamoja, masharubu na vyote, na Remedios akaona mzee mdogo mwoga aliyekuwa amefichwa ndani ya manukato muda wote huo.

"Nikampungia," alisema. "Nami nikampungia mkono. Kisha nikashusha pazia."

Remedios alitamani kutoka nje avute hewa, lakini alibaki kitini, kwa sababu kulikuwa na mwanamke kwenye ngazi na jaji anayekaribia kuvaa joho. Alimwambia Nabor apige simu mahakamani: shahidi wa mashtaka amebadilisha maneno yake, fundi asipelekwe popote, aachiwe aende kula na mkewe. Nabor alipiga. Sauti yake ilikuwa nzito, na alilazimika kurudia jina la Cruz Higuera mara mbili ndipo karani aliposikia.

Kamanda alikuwa ameanza kurudiwa na akili. Alijifuta uso kwa ile leso, akakaa wima.

"Doña Remedios, tuseme ukweli kama watu wazima. Sikuweka ufa. Sikuwasha hita. Sikufunga mlango wa ndege. Utanishtaki kwa lipi? Mimi yule mtu sikumgusa hata kwa kidole."

"Ndicho nitakachoandika," alisema Remedios, akamwashiria Nabor alete pingu.